Gari Lililolindwa Mpaka Likaisha

Elisante Kiondo hakuwa na leseni ya udereva. Hakuwa na baiskeli, wala pikipiki, wala hata toroli. Hakuwa na shahada, kwa kuwa cheti chake alikipata katika masomo ya jioni, akishiriki dawati na wapagazi waliosinzia. Hakuwa na mjomba wizarani. Hakuwa na shemeji jeshini. Hakuwa na kitambi, jambo lililomfanya aonekane mbele ya wakubwa kama mtu aliyekuja kuomba kitu. Hakuwa na simu ya kupapasa wala koti la pili. Na katika miaka thelathini na moja ya kutunza Bohari Kuu ya Serikali ya Jamhuri ya Kandokando, hakuwahi kupoteza hata kifutio.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Kandokando ilikuwa nchi ya amani yenye sheria nyingi na nzuri. Ilipopata gari la mbio, wakubwa walikaa wakaulizana ni nani katika nchi nzima anayeweza kuachiwa kitu kisipotee. Walitafuta siku tatu. Wakampata mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi. Kampuni moja ya kigeni, iliyoruhusiwa kuchimba mlima fulani na iliyouchimba mpaka ukawa bonde, ilimletea Mlezi wa Taifa shukrani yenye milango miwili, rangi nyekundu, na uwezo wa kukimbia kilomita mia tatu kwa saa. Katiba ilimkataza Mlezi kupokea zawadi. Kwa hiyo aliipokea kwa niaba ya wananchi, na wananchi, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kuliegesha, wakaambiwa wamelipeleka bohari.

Nchi ilikuwa na barabara moja ya lami, kutoka uwanja wa ndege hadi Ikulu. Ilikuwa na matuta ishirini na sita, yaliyojengwa ili misafara ya wageni isipite kabla watoto wa shule hawajamaliza kuimba. Gari lilikuwa chini mno. Lilikwama tumbo juu ya tuta la kwanza, magurudumu yakizunguka hewani, likabaki hapo kama mbuzi aliyeshindwa kuruka ua. Ikabidi lipakiwe kwenye lori. Jioni ile redio ilitangaza kwa fahari kwamba gari la wananchi limefika salama bila hata kuchafuka matairi.

Kiondo alilipokea. Alifungua leja ya bohari, akaandika kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Gari, la mbio, jekundu, moja, zima.* Akasaini.

*

Kulilinda gari hilo kulikuwa kazi ngumu kuliko katika nchi nyingine. Kwingine wezi hawajulikani, na polisi huwatafuta. Kandokando wezi walijulikana wote, kwa majina na vyeo, kwa hiyo ilikuwa utovu wa adabu kumshuku mtu yeyote.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuzuia Wizi wa Gari, yenye wajumbe tisa. Mwenyekiti wake alikuwa Naibu Waziri wa Mali Zinazohamishika, Mheshimiwa Dakta Kipepe Mangasini, mtu mnene mwenye sauti tamu, ambaye udakta alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe kwa kukata utepe.

Kamati ilikutana bohari. Wajumbe walilizunguka gari, kila mmoja akaingia, akashika usukani, akatoa mdomoni mlio wa injini, akashuka akiwa na uso wa kazi.

"Ndugu wajumbe," alisema Dakta Mangasini, "tujiulize swali la kitaalamu. Mwizi wa gari anaiba nini?"

Wajumbe walifikiri.

"Gari, Mheshimiwa," akajaribu mmoja.

"Gari! Ahsante sana. Sasa je, akifika akakuta si gari?"

Wajumbe waligeuka wakalitazama gari.

"Gari lisilo na magurudumu si gari. Ni kabati. Nani hapa amewahi kusikia mtu ameiba kabati lenye injini ndani?"

Kamati ilipiga makofi ikiwa imesimama. Ikaazimiwa kwamba magurudumu manne yang'olewe na kuhifadhiwa katika wizara nne tofauti, ili wizara moja isije ikaondoka na gari peke yake.

Kiondo alinyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Mlango wangu una kufuli tatu."

"Mzee wangu," alisema Dakta Mangasini kwa upole, "kufuli hulinda mlango. Sisi tunalinda taifa."

Basi Kiondo akasema jambo moja tu, kwamba anayechukua kitu asaini. Hakuna aliyekataa. Magurudumu yalipochukuliwa aliletewa stakabadhi nne. Ya kwanza ilisema, *Imepokelewa. Kny. Waziri wa Maji*, na juu yake kulikuwa na mkunjo wa kalamu.

Lazima nieleze hapa, kwa faida ya wasomaji wa nchi zisizoendelea, maana ya Kny. Ni kwa niaba ya. Kandokando hapakuwa na mkubwa aliyesaini mwenyewe. Mkubwa akisaini mwenyewe, watu wangedhani hana mtu. Alisaini msaidizi kwa niaba yake, naye msaidizi, kwa kuwa alikuwa na heshima zake, alimtuma karani asaini kwa niaba ya msaidizi, na karani alikuwa na binamu yake. Nchi nzima iliendeshwa kwa mkunjo wa binamu. Bajeti ilipita hivyo, mikataba ilipita hivyo, na inasemekana hata ndoa mbili tatu. Kiondo, kama watumishi wote waaminifu, hakuwahi kuitilia shaka Kny. hata siku moja. Alizitoboa stakabadhi zake, akazifunga kwenye jalada, akarudi kunywa chai.

*

Baada ya hapo ulinzi ulikwenda kasi.

Usukani ulihamishiwa Wizara ya Mipango. Betri ilikwenda Wizara ya Sheria. Vioo vya pembeni vilichukuliwa na Idara ya Historia. Viti vilitolewa ili mwizi asipate pa kukaa. Milango ikang'olewa, kwa kuwa Kamati iligundua, baada ya utafiti wa miezi mitano, kwamba asilimia tisini ya wezi wa magari huingilia mlangoni.

Injini ilitolewa Kiondo akiwa likizo ya siku nne, amekwenda kumzika kaka yake. Aliporudi alikuta shimo kwenye gari na stakabadhi mezani. Macho yake yalikuwa bado mazito kwa kilio. Aliona neno Kny., akaona mkunjo, akaitoboa, akaifunga.

Mwisho kabisa liliondoka bodi lenyewe, likiwa limebebwa na wafungwa wanane. Vilibaki vitu viwili: kibao cha namba na turubai. Kamati ikamwita seremala, akatengeneza fremu ya mbao yenye umbo la gari, turubai likatandazwa juu yake, na kibao kikapigiliwa mbele. Askari kumi na wawili wakawekwa kulizunguka usiku na mchana. Kila mwaka redio ilitangaza kwamba hakujatokea jaribio hata moja la wizi, na kila mwaka Kamati ilijivisha nishani.

Kiondo hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na stakabadhi arobaini na moja, na kwa mtunza bohari wa kweli, stakabadhi arobaini na moja ni gari.

*

Ukafika umri wake wa kustaafu.

Mkewe, Mama Namsifu, alikuwa ametangulia kijijini kwao, Mkombole, mwaka mmoja kabla, kuandaa nyumba. Walikuwa wamekubaliana kwamba Kiondo angemfuata mwisho wa Juni. Lakini sheria ya Kandokando ilisema mtumishi haruhusiwi kuondoka kazini mpaka akabidhi kila kitu kwa anayeshika nafasi yake, na wote wawili wasaini. Anayeondoka bila kukabidhi hurudishwa na polisi kutoka popote alipo. Alikuwapo mtunza bohari mmoja wa zamani aliyerudishwa akiwa kwenye jeneza, akazikwa nyuma ya bohari hadi hesabu ya majembe itakapokamilika.

Aliyekuja kupokea alikuwa Hidaya Sekibo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kawaida mbaya ya kusoma mpaka mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Tuanze na vifutio?"

"Tuanze na gari."

Kiondo alimpeleka. Askari walisimama wima. Hidaya akainua pembe ya turubai, akachungulia.

"Mzee, hizi ni mbao."

"Mbao ni za nje tu, mwanangu. Gari lenyewe liko kwenye jalada."

Walirudi ofisini. Hidaya akaketi kwenye kigoda, akasoma stakabadhi zote moja baada ya nyingine. Kiondo akammiminia chai, ikapoa.

"Hii ya kwanza. Kny. Waziri wa Maji. Aliyesaini ni nani?"

"Si Waziri wa Maji?"

"Hapana, mzee. Ni mtu kwa niaba yake. Jina hakuandika. Kuna kitu tu hapa, kama mnyoo."

"Wote husaini hivyo."

"Najua. Ndiyo maana nauliza." Akafunua nyingine, na nyingine, mpaka akafika katikati ya jalada. Hapo akaligeuza jalada limwelekee mzee. "Na hii ya injini uliisoma?"

"Imesainiwa."

"Imesainiwa, naam. *Injini moja, imepokelewa. Kny. Mtunza Bohari.* Mtunza Bohari ni nani?"

Kiondo alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Maandishi hayakubadilika.

"Ni mimi. Lakini siku hiyo nilikuwa msibani!"

"Basi kuna mtu alikupokelea."

"Kwa hiyo injini ninayo mimi?"

"Kwa maandishi, unayo." Hidaya alilifunga jalada taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Mzee, mimi sisaini. Usinikasirikie. Nikisaini leo, nitazeekea humu humu."

*

Kiondo alizunguka wizarani miezi mitatu.

Wizara ya Maji alilikuta gurudumu bustanini, limejazwa udongo, limeoteshwa mchicha.

"Nimekuja kulichukua," alimwambia katibu muhtasi.

"Shikamoo, mzee. Mheshimiwa yuko kikaoni."

"Marahaba. Kikao cha saa ngapi?"

"Cha tangu Machi."

"Basi niandikie wewe."

"Ningekuandikia, mzee wangu, lakini mimi mwenyewe niko hapa kwa niaba ya dada yangu. Yeye yuko uzazi."

Wizara ya Mipango alimkuta Waziri akihutubia wataalamu huku ameshika usukani kwa mikono miwili, akiupinda kushoto kila alipotaja maendeleo. Wizara ya Sheria walimwambia betri iko salama kabisa, imekufa. Injini hakuipata wizara yoyote. Aliipata kwa masikio. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba ya Dakta Mangasini aliposikia mngurumo uliotikisa meno, na alipochungulia uani akaona mashine ya kusaga ya mke wa Mheshimiwa, na foleni ya wanawake wenye ndoo. Injini ya kilomita mia tatu kwa saa ilisaga debe la mahindi kwa sekunde nne, na unga ulitoka umekwisha kuiva. Mama mmoja alimmegea tonge. Ulikuwa na harufu ya petroli kidogo, lakini ulikuwa ugali.

"Hii injini ni ya serikali," alisema Kiondo, tonge likiwa bado mdomoni.

"Tunailinda," alijibu msimamizi wa mashine.

Kila mahali walimjibu hivyo hivyo. Tunakilinda. Kukirudisha, walisema, kunahitaji barua ya Kamati inayothibitisha kwamba hatari ya wizi imekwisha. Na Kamati ilieleza kwamba haiwezi kuthibitisha hatari imekwisha, maana hatari ikiisha Kamati nayo itakwisha, na Kamati ikiisha nani atasaini barua?

Kila Jumapili simu yake ndogo ililia.

"Baba Namsifu, umeshapanda basi?"

"Bado, mama."

"Mwezi uliopita ulisema bado."

"Kuna injini."

"Injini!" Kuku walilia nyuma yake. "Nguruwe wamemaliza mihogo. Nimepanda mingine. Paa la upande wa jikoni linavuja na mimi siwezi kupanda ngazi. Usiku naongea na redio, Baba Namsifu. Nayo hainisikilizi."

Kiondo alikuwa akikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya mkewe kukata.

*

Mwezi wa nne wa kuzunguka kwake, Dakta Mangasini alimwita ofisini. Alimkalisha kwenye kiti chekundu cha ngozi, kilichokuwa chini mno, hata magoti ya mzee yakafika kidevuni. Kiondo alikitambua kile kiti. Alikuwa na stakabadhi yake.

"Mzee wangu, nasikia unahangaika. Taifa haliwezi kuona mzee wake anahangaika." Akasogeza karatasi. "Hati ya makabidhiano. *Gari, moja, zima.* Saini hapa tu. Huyo binti tutamhamisha, na upande wake atasaini mtu kwa niaba. Kesho upo kwa mama."

Kiondo aliitazama karatasi. Kalamu ilikuwa imefunguliwa tayari.

"Gari halipo, Mheshimiwa."

"Lipo. Lipo kwa kutawanyika."

"Mimi niliandika zima."

"Na ni zima! Kuna kipande kilichovunjika? Kila kipande ni kizima, mahali kilipo."

"Mheshimiwa, nimesaini vitu miaka thelathini na moja. Sijawahi kusaini kitu ambacho hakipo."

Utamu ulitoka kwenye sauti ya Dakta Mangasini. "Basi nisikilize vizuri. Injini ya gari hili, kwa maandishi, iko kwako. Nikiamua nitakufungulia kesi ya wizi, ufie ndani. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Lini?"

"Lini nini?"

"Hiyo kesi. Ni lini? Maana nikijua tarehe nitamwambia mke wangu."

Dakta Mangasini aliifunika kalamu. Alichukua leso, akajifuta shingo. "Usiwe na haraka, mzee," alisema hatimaye. "Mambo ya kesi hayana haraka. Nenda kafikirie."

Kiondo alirudi bohari ameshangaa. Alimsimulia Hidaya neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza tangu aje pale, Hidaya alicheka, akacheka mpaka akaegemea rafu ya ndoo.

"Hawezi kukushitaki!"

"Kwa nini? Yeye ni Naibu Waziri."

"Akisema gari limeibwa, kila kipande kinakuwa mali ya wizi. Na mwenye kipande anakuwa nani? Mpokeaji wa mali ya wizi. Sheria inasema polisi wakusanye vielelezo vyote, popote vilipo. Usukani, viti, mpaka mashine ya kusaga ya mkewe. Watasimama kizimbani Baraza la Mawaziri zima, hapatoshi!"

"Kwa hiyo miaka yote hii gari halijaibwa..."

"Kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba limeibwa. Hapa kwetu wizi huanza siku ya kuandikwa."

"Na nani anaruhusiwa kuandika?"

"Mtunza mali tu. Mpaka siku atakayokabidhi." Kicheko kilimtoka usoni. "Mzee. Mzee, mimi sijasema kitu. Ukiandika barua hiyo, wa kwanza kukamatwa ni wewe. Hao wengine wana mawakili, watapata dhamana kabla ya chakula cha mchana. Wewe una nini?"

Kiondo aliinuka. Alitoka nje kupiga simu, na safari hii haikuwa Jumapili.

"Mama Namsifu, wakinifunga itakuwaje?"

"Kwa lipi?"

Alimweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyosoma orodha. Mkewe hakumkatiza.

"Hiyo karatasi ya yule bwana," alisema Mama Namsifu, "ukiisaini unakuja kesho?"

"Kesho."

"Halafu utakaa barazani hapa unaitazama mihogo, hulali, huli, unasema *lakini halikuwepo, lakini halikuwepo*. Nakujua. Sikumsubiri mtu wa namna hiyo."

"Wanaweza kunipa miaka mitatu."

"Baba Namsifu, mimi nakusubiri tangu mwaka jana na hakuna anayeniambia mwisho. Gerezani angalau wanatoa tarehe." Akafukuza kuku. "Andika. Ila uvae sweta. Huko ndani watu wanalala kwenye sakafu."

*

Kiondo aliketi mezani kwake saa nne asubuhi. Kwa mazoea alianza kuandika juu ya karatasi: *Kupitia kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa*. Akaweka kalamu chini. Aliyatazama maneno hayo kwa chuki ambayo hakujua kama anayo, akaichana karatasi, akachukua nyingine.

*Kwa Mkuu wa Polisi.*

*Mimi, Elisante Kiondo, Mtunza Bohari Kuu, naripoti kwamba gari la mbio, jekundu, moja, mali ya wananchi wa Kandokando, limeibwa. Limeibwa mchana, mbele yangu isipokuwa injini, na watu waliovaa suti, na kila walipochukua kipande niliwapa chai.*

*Mtuhumiwa wa kwanza ni mimi. Injini iko kwangu kwa maandishi. Kwa macho, iko nyuma ya nyumba ya Naibu Waziri wa Mali Zinazohamishika, na inasaga mahindi kila siku isipokuwa Jumapili. Vipande vingine arobaini nimeviorodhesha nyuma ya barua hii, pamoja na mahali vilipo na jinsi nilivyovikuta vikitumika. Kimoja kina mchicha.*

*Naomba nikamatwe mapema iwezekanavyo, na naomba vielelezo vyote viletwe mahakamani. Nitavitambua kimoja kimoja. Nipo bohari saa za kazi.*

Alisaini jina lake lote, kila herufi ikisomeka. Akaikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Akawasha mshumaa, akayeyusha lakiri, akaidondosha kwenye mdomo wa bahasha, akagandamiza muhuri wa bohari mpaka vidole vikamuuma.

Hidaya alimtazama kutoka mlangoni. "Mzee, niipeleke mimi?"

"Hapana, mwanangu. Nitakwenda mwenyewe."

Posta ilikuwa tupu. Karani aliipokea bahasha, akasoma anwani, akamtazama mzee, akaisoma tena. Akaiweka kwenye mizani.

"Ya rejista?"

"Ya rejista."

"Ndani mna kitu cha thamani?"

"Mna gari," alisema Kiondo.

Karani aliandika *nyaraka*, akagonga muhuri, akaitumbukiza bahasha kwenye gunia, akalifunga gunia kwa kamba, na watu wawili wakalirusha ndani ya gari la posta lililokuwa tayari linanguruma mlangoni.